Mpwa wa Bwana Mwewa

Kashikishi, Nchelenge
18 Machi 2023

Kwako yaya Emilienne, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo hii. Najua utanung'unika kwamba naandika kama katekista badala ya kupiga simu, lakini simu yako huko Kilwa, katikati ya ziwa, inashika siku moja na kulala wiki nzima, na mambo mengine hayafai kusemwa kwa kupiga kelele kwenye upepo. Dédé anavuka kesho na boti yake ya samaki, nimempa barua hii mkononi.

Niliumia kidogo kazini. Usishtuke. Ni ule mkanda wa mashine ya kusaga mihogo, ulinigusa mkono wa kushoto. Niko hospitalini, nakula uji na mayai, nimeanza hata kunenepa. Bwana Mwewa, mwenye mashine, anakuja kuniona asubuhi na jioni. Nitatoka karibuni.

Msalimie mwanao Guylain. Mwambie mjomba wake amesikia kwamba anaimba kwaya kwa sauti ya bibi kizee, na hajafurahi.

Mdogo wako,
Hippolyte


Kisiwa cha Kilwa
24 Machi 2023

Hippolyte,

Kidogo! Dédé aliposhuka kwenye boti nikamwuliza habari zako, akaanza kutazama miguu yake. Nikamwambia, "Dédé, sema, ao leo hautauzisha samaki hapa." Ndipo akasema, "Yaya, mukono hauko tena. Balikata hapa chini ya kiwiko." Nilikaa mchangani mbele ya watu wote. Mimi niliyekubeba mgongoni mama yetu alipokufa, mimi ndiye wa kuambiwa kidogo?

Bon. Nimelia, nimemaliza. Sasa nisikilize. Hapa kanisani kuna Mama Chipego, mumewe alivunjika mguu kwenye kazi ya barabara kule Chienge. Anasema Zambia kuna mfuko wa fidia. Kila mwenye kazi anachangia kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mtu akiumia kazini mfuko unalipa matibabu, na kama kiungo kimekwenda moja kwa moja unampa pensheni. Hata sisi tuliokimbia vita kule Pweto, mradi tumeajiriwa. Lakini tajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa kwamba umeumia kwake. Mwambie Mwewa aende. Akikataa, nenda mwenyewe na hicho kilichobaki uwaonyeshe.

Na usiniandikie tena hilo neno kidogo.

Yaya wako,
Emilienne


Kashikishi
9 Aprili 2023

Yaya,

Nisamehe. Niliogopa kwamba utapanda boti yoyote na mawimbi haya ya mvua.

Nikueleze vizuri. Injini yetu imechoka, kuiwasha ni kazi ya wanaume wawili na matusi mengi. Kwa hiyo ikishawaka hatuizimi. Mkanda ukichomoka tunaurudisha kwa mkono huku gurudumu linazunguka. Tunafanya hivyo kila siku, na anayeuweka haraka anapigiwa makofi na wanawake waliopanga foleni na ndoo zao. Siku ile nilivaa shati la mikono mirefu. Basi.

Hospitalini damu ya aina yangu haikutosha. Bwana Mwewa akasema wampime, na yake ikafaa. Nilipoamka alikuwa amelala kitanda cha pili, lile jitu zima, ananitazama kama mama anayetaka kujua kama mtoto ameshiba. Akaniambia kwa Kibemba kwamba sasa mimi na yeye ni damu moja.

Nilimwuliza habari ya mfuko. Alivua kofia, akaikunja. Mwishoni akasema hajachangia kwa miaka, na wakaguzi wakija watamtoza faini na kufunga mashine, na mimi na mwenzangu Lloyd tutabaki bila kazi. Hakunitisha, alisema kwa aibu. Amenipa kazi ya kupokea magunia, mkono mmoja unatosha.

Yaya, mtu huyu nitampelekaje ofisini? Kila nikitaka kumkasirikia nakumbuka kwamba ninamkasirikia kwa damu yake mwenyewe.

Hippolyte


Kilwa
20 Aprili 2023

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilitaka kukutukana, nikashindwa.

Nilimpelekea Papa Barthélemy, mdogo wa baba yetu, maana yeye ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Akafikiri, akasema, "Mutu akishatia damu yake mu mwili ya mutoto yetu, hatuwezi kumuacha mugeni. Mumufanye ndugu." Nami naona hivyohivyo. Kwa hiyo natuma kuku mweupe na kapu la samaki wa kukaushwa. Mle wewe na Mwewa sahani moja, mmege bukari moja ya unga wa mihogo, na umwite kaka mbele ya watu. Mwambie huku kisiwani ana dada.

Na ndugu hampeleki ndugu serikalini. Habari ya fidia nimeimaliza. Mama Chipego amenikasirikia, anasema nimeuza mkono wa mdogo wangu kwa kuku mmoja. Nimemwambia yeye hajui lolote, aende akapike.

Emilienne


Kashikishi
7 Mei 2023

Yaya mpendwa,

Tumekula. Walikuwepo Lloyd, mke wa Mwewa, na majirani. Nilipomwita kaka, yule mtu mkubwa alilia hadi bukari ikapoa. Unajua kwa watu wa huku ukoo unapita kwa mama. Mama yake alizaa wanaume watupu, na Mwewa alizeeka akichekwa kwamba atakufa bila mpwa wa kumrithi jina. Akasimama akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mimi sikuwa na dada. Leo niko na dada, iko pale ng'ambo ya maji. Na ule Guylain ni mwipwa wangu." Mwipwa ndiye mpwa. Akamtaja kwa jina, yaya, maana nilikuwa nimemsimulia.

Nilifurahi. Usiku wa kwanza tangu Machi mkono usiokuwepo haukuniuma.

Hippolyte


Kilwa
3 Desemba 2023

Hippolyte,

Ziwa limefungwa, hakuna kuvua hadi Machi, na Guylain anazunguka nyumbani kama mbuzi aliyepotelewa na kamba. Wewe ni mjomba wake na Mwewa naye ni mjomba wake, mna wajibu. Namtuma na Dédé. Mfundisheni kazi. Anakula sana, mniwie radhi.

Jambo moja tu. Ule mkanda mmeufunika?

Emilienne


Kashikishi
14 Januari 2024

Kwa mama yangu Mama Guylain, malkia wa Kilwa,

Nimefika, nimenenepa, nimependwa. Mjomba Hippolyte chumba chake ni kidogo, kwa hiyo Yama Mwewa alisema nilale kwake. Yama ni mjomba kwa Kibemba, mama, sasa mwanao anajua lugha. Nakaa nao mezani, mkewe ananipa kichwa cha samaki kabla ya watoto wake wa kuzaa, wao wamenuna. Jumamosi Yama ananipa kitu mkononi sawa na Lloyd, ila Lloyd anasaini na mimi sisaini, maana mimi ni wa nyumbani. Kanisani ananitambulisha kwa kila mtu, "Huyu ni mwipwa wangu," hadi naona haya.

Na kazi naijua. Mkanda ukichomoka ni mimi wanayeniita. Natupa mara moja tu, pap, umekaa! Wanawake wanapiga vigelegele. Kuna msichana mmoja anaitwa Jessica anakuja kusaga hata kama ndoo yake ina mihogo ya kikombe kimoja.

Nitarudi Machi nikununulie kitambaa. Usimwambie mjomba habari ya Jessica.

Mwanao,
Guylain


Kilwa
27 Januari 2024

Hippolyte,

Nimesoma barua ya mtoto. Nilicheka hadi mahali pa mkanda, kisha kicheko kikanikauka. Wewe ulitupa mkanda huo huo na leo unafunga kamba za viatu kwa meno. Nilikuuliza kama mmeufunika, hukujibu. Mwambie Mwewa mimi dada yake namwomba. Na Guylain umkataze, umkataze kwa ukali, si kwa huo upole wako.

Emilienne


Kashikishi
11 Februari 2024

Yaya,

Tulia. Nimesema na Mwewa, anasema fundi wa kuchomelea chuma amekwisha kuja kupima, atatengeneza kifuniko baada ya mvua. Guylain nimemkataza. Alicheka, akanikumbatia, akasema yeye havai mikono mirefu. Lakini ameelewa. Siku zimebaki chache, ziwa likifunguliwa nakurudishia.

Hippolyte


Kilwa
22 Machi 2024

Hippolyte,

Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hapa kwa maziko ya mwanangu sikuweza kufungua kinywa. Ulilia miguuni pangu nami nikakutazama tu. Usifikiri sikukusikia. Nilisikia yote. Kwamba mkanda ulichomoka, wanawake wakaita jina lake, akakimbia kuutupa, ukamkamata na kumpiga ukutani. Kwamba hakusema neno. Kwamba boti ya Dédé ilikwenda polepole ili jeneza lisilowe.

Mwewa nilimwona. Amenyoa kichwa kama mfiwa. Alichimba kaburi pamoja na ninyi hadi viganja vikachubuka. Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa analia kilio cha kweli, na mimi kilio cha kweli nakijua.

Sasa nasema. Safari hii sitanyamaza. Mama Chipego alikuja kukaa nami, hakunikumbusha kuku, akaniambia tu kwamba mfanyakazi akifa kazini mfuko unawatunza waliomtegemea, hata mama. Mimi nilimtegemea Guylain. Baba yake hakuvuka vita. Nenda ofisini. Kama Mwewa ni ndugu, atakuja asimame karibu yako aseme ilivyokuwa. Mashine na ifungwe, kuna mtoto wa nani mwingine wa kutupa mkanda ule?

Emilienne


Kashikishi
16 Aprili 2024

Yaya,

Nilikwenda. Afisa wa fidia, Madam Thelma, alikuja kutoka Mansa na kukaa siku nzima bomani kusikiliza watu. Mama mpole, anaandika taratibu, anauliza kila kitu mara mbili. Nilimweleza. Kisha akamwita Mwewa ndani.

Alimwuliza, "Marehemu alikuwa nani kwako?"

Mwewa akajibu, "Mwipwa wangu."

"Alikuwa anaishi wapi?"

"Kwangu. Nyumba moja, chungu kimoja."

"Ulikuwa unamlipa mshahara?"

Yaya, hapo alinitazama. Kisha akasema, "Mtoto wa nyumbani halipwi. Nilikuwa namsaidia tu."

Madam Thelma akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ndugu wa tajiri anayeishi nyumbani mwake na kumsaidia kazi za familia hahesabiwi mfanyakazi. Huyo fidia hana. Kama ni hivyo, faili linafungwa. Lakini kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta taarifa, atarudi mwanzoni mwa Mei anisikilize tena, maana anataka kujua undugu wenyewe ulitoka wapi.

Nje nilimshika Mwewa kwa mkono huu mmoja. Nikamwuliza, "Kaka, juu ya nini umesema vile?" Akasema, "Nimesema uongo gani? Si wewe ulinipa mutoto? Si dada yangu alimutuma?" Sijui kama alisema mpwa kwa mapenzi au kwa kuogopa faini. Nadhani hata yeye hajui.

Lloyd anaogopa, hatasema. Nimebaki mimi. Nikisema si ndugu, nitakuwa nimemkana mtu aliyenipa uhai. Nikinyamaza, Guylain atakuwa alikufa akisaidia nyumbani. Niambie nifanye nini.

Hippolyte


Kilwa
21 Aprili 2024

Hippolyte,

Tangu utoto unaniuliza ufanye nini. Haya, nitakuambia.

Mimi ndiye niliyempa undugu. Nilituma kuku, nilituma samaki, nilituma na mtoto. Nilifikiri tunamfunga Mwewa kwetu, kumbe tulikuwa tunajifunga sisi. Undugu wake ulikuziba mdomo wewe, ukamlaza Guylain nyumbani kwake bila kusaini, na sasa umemfanya mwanangu mtu aliyepita tu karibu na mashine. Mwewa amepata kila kitu ndani ya ile sahani. Mimi nimepata kichwa cha samaki alichopewa mwanangu mezani.

Nisingekuwa katika matanga ningekuja mwenyewe, lakini kwetu mama aliyefiwa havuki maji kabla matanga hayajaondolewa, na wewe unajua. Kwa hiyo utasema wewe. Utasema mama yake Mwewa hakutuzaa, wala mama yetu hakumzaa yeye. Utasema mtoto alikwenda kwa kazi, alipewa kitu kila Jumamosi sawa na Lloyd, na alikufa kazini. Usimtukane Mwewa. Usiseme alikusudia. Sema tu ilivyo.

Ninajua ninachokuomba. Ninajua ni kizito kuliko mkono. Nakuomba hata hivyo.

Yaya wako


Kashikishi
5 Mei 2024

Yaya Emilienne,

Nimesema.

Mwewa alikuwepo, benchi moja na mimi, tulikaa kama watu wanaongojea daktari. Madam Thelma aliniuliza undugu wetu. Nikamweleza habari ya damu, kuku na bukari, yote, maana uongo siwezi. Alisikiliza vizuri, hakucheka. Kisha akauliza swali moja. Kama si ajali yangu, kama si ile sahani, Mwewa angekuwa nani kwa Guylain?

Nikasema, "Tajiri wake."

"Na Guylain alikuwa nani kwake?"

"Mfanyakazi."

"Na huyu bwana ni nani kwako?"

Nilitaka kunywa maji kwanza. Nikasema, "Si ndugu yangu, Madam."

Yaya, Mwewa alitoa sauti ambayo sijaisikia tangu siku tulipomtoa Guylain ukutani. Hakubisha. Aliinama, akafunika uso kwa kofia, kisha akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Nilikuwa namlipa. Kila Jumamosi. Andika." Madam akaandika. Akaandika pia kwamba mkanda haukuwa na kifuniko. Akautazama mkono wangu, akaniuliza kama ni mkanda huohuo, nikasema ndiyo, akaandika na hilo.

Mashine imefungwa. Lloyd amekwenda kwao Chienge, hakuniaga. Wanawake wanabeba mihogo yao mbali, na wakipita wananiangalia vibaya, maana wote walimpenda Mwewa. Mimi nimepata kibarua cha kulinda magari sokoni. Nyumbani kwa Mwewa sipiti. Jana nilimwona kwa mbali amekaa mlangoni mwa mashine iliyofungwa. Nilitamani kumsalimu, nikageuza njia.

Umeshinda, yaya. Sijui kwa nini naandika umeshinda.

Hippolyte


Kilwa
30 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Pensheni imekubaliwa. Madam Thelma alipiga simu, na simu ikakubali kushika siku hiyo. Aliniita mama wa marehemu. Nilimshukuru, nikakata, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti hadi Papa Barthélemy akaja kuniinua. Nilikuwa nimepigania neno lile, mfanyakazi, miezi mitano. Sasa nimelipata na mtoto hajarudi. Nilikuwa nafikiri nini, Hippolyte? Kama mjinga nilikuwa nafikiri kitu kitarudi.

Wewe umefanya niliyokuomba, na najua umelipa zaidi yangu. Peleka ofisini na taarifa ya huo mkono wako uliokatwa. Usinijibu kwamba muda umepita. Peleka.

Tunaondoa matanga Jumamosi ya pili ya Septemba. Uje na Dédé mapema, kuna kuni za kupasua, utapasua kwa huo mmoja.

Mwewa amenitumia mtu. Anauliza kama anaweza kuja. Hajaomba kitu, hajatuma kitu, ameuliza tu. Nimelala na swali hilo siku nyingi, nikilikataa asubuhi na kulikubali jioni. Mwambie aje. Nitampikia kama wengine, na atakula kwenye sahani yake. Lakini akifika asikae upande wa wajomba. Akae na wageni.

Yaya wako,
Mama Guylain